Afisa Hupewa Kiwanja

Nyinyi mlioajiriwa juzi mkapewa fulana za rangi ya chungwa, ingieni kidogo kivulini, jua halikimbii. Nna maneno nataka kukwambieni kuhusu kazi hii kabla sijawasha gari nikaenda zangu, maana mimi sikai pahala. Nimestaafu na nywele bado nyeusi, nna miaka arobaini na kitu, na watu wakinikuta asubuhi nazunguka mitaa ya Bausher, hapa Maskati, peke yangu hudhani nimefukuzwa nyumbani. Mke wangu amenipa jina la Gari la Maji, kama yale yanayozunguka mitaani kugawa maji. Kila siku kabla sijatoka huniuliza, leo Gari la Maji linapita mtaa gani? Nikamjibu labda Khoudh, kuna kiwanja nilikipima zamani kilipokuwa mawe matupu na mkunazi mmoja, nataka kuona kama wenyewe wameuacha ule mkunazi. Wameuacha. Wamejenga ukuta ukauzunguka kama mtu anayempisha mzee njiani. Nilifurahi siku nzima.

Kazi yangu ilikuwa kushika fimbo. Serikali ikimpa mtu kiwanja, humpa na krooki, yaani karatasi yenye mchoro wa kiwanja chake na vipimo vya kila upande. Lakini karatasi haiwezi kwenda yenyewe ikalala juu ya ardhi. Lazima aende mtu achomeke chuma kwenye kila pembe, kisha amwambie mwenyewe: ni hapa. Mhandisi anakaa nyuma ya darubini, na mimi nimesimama huko mbali na fimbo yenye kioo kichwani, namsogelea, namrudia, naenda upande huu na upande ule mpaka aseme simama. Nimewachomekea vyuma maharusi, wajane, walimu, na wakubwa waliokuja na magari ya vioo vyeusi. Wote, nakuapieni, wakioneshwa pembe ya kwanza hufanya jambo moja. Hugonga ardhi kwa kisigino, taratibu, kama mtu anayechagua tikiti sokoni. Sijui wanasikiliza nini. Nami nilipopewa changu niligonga.

Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa Mhandisi Fathi, Mmisri mnene, mpole, ambaye angeweza kusahau darubini ofisini lakini si chupa yake ya chai. Siku yangu ya kwanza akaniambia kwenye redio, "Shimal." Sisi hapa shimali ni kaskazini. Nikashika njia ya kaskazini. Akasema tena, shimal, shimal kidogo. Nikaongeza mwendo. Mbele yangu kulikuwa na kilima, nikakipanda, nikakishuka upande wa pili, na redio ikakata sauti. Basi nikasimamisha fimbo, nikaitengeneza hata kile kipovu cha maji, kinachoonesha kwamba fimbo iko wima, kikatulia katikati, nikangoja. Baada ya muda akaja Fathi na gari, uso umemwiva kwa jua. Alikuwa akiniambia niende kushoto. Kwao Misri shimali ni mkono wa kushoto. Hakunigombeza. Aliizunguka ile fimbo, akakitazama kipovu, akasema kazi ni safi sana, ila tuko kwenye wilaya nyingine.

Tangu siku hiyo sikuanza kazi na mtu bila kwanza kuulizana maneno. Kushoto kwako ni wapi? Mbele kwako ni kwako au kwangu? Vijana mnacheka, mnasema sasa setilaiti inaonesha kila kitu. Setilaiti haijui mwenzako anasema nini.

Fathi ndiye aliyenifundisha kuvunja vikombe. Chuma cha pembe hung'olewa. Tingatinga hukipitia, watoto hukichezea, na jirani mwenye macho makubwa hukihamisha na kusali rakaa mbili akaomba msamaha. Ila hakuna anayejisumbua na vipande vya kikombe vilivyozikwa chini, urefu wa mkono. Kwa hiyo kabla ya kuchomeka chuma tulichimba, tukavunja kikombe cha chai chenye mstari wa buluu, tukakifukia, kisha chuma juu yake. Chuma kikipotea unarudi, unachimba, ukiona buluu umefika. Udongo wa Maskati una kila rangi ya kahawia aliyoiumba Mungu, lakini buluu hauna. Mke wa Fathi alikwisha amini kwamba nyumba yao ina jini mpenda chai, maana kila mwezi vikombe vilipungua na Fathi hakusema neno.

Sasa niingie kwenye hadithi niliyowaitia.

Miaka yangu ya mwisho nilifanya kazi na Mhandisi Tuan, Mvietinamu, mwembamba, mwenye kofia pana aliyoifunga chini ya kidevu kama bibi harusi anayeogopa upepo. Alikuwa wa kampuni iliyotusaidia kupima upya mitaa. Kiarabu alikijua kidogo, Kiingereza cha kutosha, na Kiswahili chake chote alikipata kwa wanawake wa Tanzania waliokuwa wakisafisha ofisi. Basi hata wakubwa wa miaka sitini, waliolelewa kwa shikamoo na masalkheri, yeye akiwakuta aliwaamkia, "Mambo vipi?" Wengine walimjibu poa. Nimesikia kwa masikio yangu mudiri, mkurugenzi mzima wa serikali, akijibu poa, kisha akatazama nyuma asije akawa amesikiwa.

Siku moja tulikuwa Bausher, kwenye mtaa wa viwanja vipana ambavyo zamani walipewa watu wa vyeo. Tuan akaniuliza hivi vikubwa ni vya nani. Nikamwambia. Akakaa juu ya sanduku la darubini akacheka, akasema basi dunia ni moja. Akanieleza kwamba kwao, zamani za wafalme, ardhi ilikuwa ya mfalme. Afisa akipanda cheo, mfalme humpa mashamba kwa kadiri ya cheo chake. Afisa mwenyewe hashiki jembe. Wanalima watu wa kijiji, yeye anakula kinachotoka. Sehemu ndogo, mfalme akiwa na moyo mkunjufu, anaweza kuwaachia wanawe. Iliyobaki imefungwa na cheo: akiondoka kazini au akifa, inarudi kwa mfalme, anapewa afisa mwingine. Kijijini kwa bibi yake, akasema, mpaka leo kuna shamba la mpunga linaitwa Shamba la Bwana, na hakuna anayemkumbuka huyo bwana alikuwa nani.

Nikaipenda hadithi ile kupita kiasi. Mimi mtu wa habari za kale, nikipata moja hainitulii tumboni. Ijumaa nikaenda kula kwa Shangazi Zayana, Khoudh, dada yake marehemu baba yangu. Juu ya wali wa nazi na mchuzi wa papa nikaisimulia yote, na nchi yake, na wafalme wake, na mpunga. Shangazi alikuwa akiingia na kutoka na sahani. Alinisikiliza nusu nusu, kama asikilizavyo redio.

Jioni akarekodi ujumbe wa sauti akautuma kwenye kundi la ukoo. Ujumbe ule naujua kwa moyo. Ulisema: "Afisa hupewa ardhi na serikali, akishastaafu hurudishwa. Kasema mhandisi wa vipimo, ndiye anayepima upya viwanja vya Bausher. Mwenye masikio na asikie."

Tazameni maajabu ya Kiswahili chetu. Tunayo hii "hu". Jua huchomoza. Paka huiba. Haina jana wala kesho, haina hapa wala kule. Ukisema afisa hupewa ardhi, huenda ni enzi za wafalme wa Vietinamu, huenda ni Jumatatu asubuhi kwenye wizara za Khuweir. Nilipomuuliza Shangazi kwa nini hakuitaja nchi, alisema jina la ile nchi hawezi kulitamka na hakutaka kumtukania mtu kwao. Na mfalme je? Mfalme, alisema, mambo ya wafalme ni hadithi za watoto, watu wasingesikiliza, kwa hiyo akaweka serikali. Na kweli tulikuwa tunapima upya Bausher. Hapo hakuongopa.

Ujumbe ule ulinirudia mimi mwenyewe kabla ya sala ya Isha, kutoka kwa binamu, kutoka kwa kinyozi wangu, na kutoka kwa mtu nisiyemjua aliyeuongezea dua mwishoni na kuomba niutume kwa watu wengine. Kesho yake nikapita Bausher nikadhani kuna sikukuu. Watu wameketi kwenye viwanja vyao. Mmoja kaleta viti vya plastiki na mke na birika la kahawa. Mwingine katandika zulia katikati ya mawe, kajilaza, kafunika uso kwa kilemba. Nikamsalimu nikamuuliza kulikoni, akasema bila kufunua uso, "Nakaa. Ardhi inayokaliwa hainyang'anywi." Alikuwa mhasibu mstaafu. Nikajaribu kumwelezea habari za Vietinamu, akafunua jicho moja, akasema sawa, hao watu wa huko nao wamekuja kuchukua viwanja?

Nilicheka mpaka nikaegemea gari. Nikaacha kucheka nilipopigiwa simu na Ami Saidi.

Ami Saidi ni mdogo wake baba. Alikuwa mudiri kwenye wizara moja Khuweir, na kiwanja chake Bausher alipewa alipopata cheo hicho, mimi ndiye niliyekichomekea vyuma. Ni mtu asiyevuka taa nyekundu hata saa ambazo barabarani hakuna ila yeye na mbuzi. Alikuwa akiishi na mama yake, yaani bibi yangu, Bibi Zuwena, kwenye fleti ghorofa ya juu. Bibi hakuipenda ile fleti hata siku moja. Lifti aliiita kasha. Alikuwa amekwisha sema mbele ya watoto na wajukuu: "Mie maiti yangu haitoki kwa lifti. Nijengeeni chini." Basi Ami akajenga. Ahadi yake ilikuwa hivi: siku akistaafu, wiki hiyohiyo anamhamisha mama yake Bausher. Nyumba ilikuwa tayari imepakwa rangi. Wafanyakazi wenzake walikuwa wamekwisha mfanyia karamu ya kumuaga, wamekata keki, wamempa saa.

Jumapili asubuhi, siku ya kwanza ya kazi baada ya ujumbe wa Shangazi, Ami alikwenda ofisini kama kawaida, akaketi kwenye kiti chake. Msaidizi wake, aliyekuwa achukue nafasi yake siku hiyo, alimkuta amekaa. Kwa adabu akasimama mlangoni na kikombe chake mwenyewe mkononi. Ami akamwambia amesahau mambo mawili matatu ya kumalizia. Siku ya pili yakawa bado mambo mawili matatu. Siku ya tatu yule msaidizi alikuja na kiti.

Nikamwendea. Nikamwambia Ami, ile habari ni ya Vietinamu, ya zamani, na aliyeianza ni mimi, niulize mimi. Akafunga mlango wa ofisi.

"Una uhakika?"

"Wallahi, Ami. Piga simu kwa wanaohusika, uliza."

"Niulize?" Akanitazama kama nimemwambia avue kanzu. "Mbaruku mwanangu, mimi nimekaa serikalini umri wangu wote. Ukiuliza, unawakumbusha."

Na kwa kweli ndivyo ilivyo. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulifikiria. Ardhi ya Bibi kule Unguja nayo ilikuwa ya kupewa. Babu yake Bibi alikuwa liwali, na Sultani alimpa shamba kwa utumishi wake, mikarafuu na minazi na kisima. Wakaishi hapo vizazi, wakaliita letu. Kisha ikaja ile asubuhi moja ya mapinduzi, likawa si letu. Bibi aliondoka na Ami mgongoni na sufuria la wali lililokuwa limeiva, kwa sababu ndilo lililokuwa mkononi mwake.

"Alinilisha ule wali njiani siku mbili," akasema Ami. "Sitomhamishia mama yangu kwenye ardhi ya kupewa, halafu wakaja wakamtoa mara ya pili. Heri afe na lifti yake."

Basi hapo ndipo ule utani wa Bausher ulipokuwa umefikia. Bibi alikuwa na miaka mingi, na kila siku iliyopita Ami akiwa amekalia kile kiti ilikuwa siku aliyoikosa Bibi nyumbani kwake. Bibi mwenyewe hakuambiwa sababu. Aliambiwa rangi haijakauka. Rangi gani, aliuliza, haikauki Maskati?

Ami akaniomba kitu kimoja. Nimlete huyo Mvietinamu, na tupime kiwanja upya kimyakimya, pembe zote, asije mtu akapata kisingizio. Kama kila kitu kiko sawa, huenda moyo wake ukatulia.

Tukaenda alasiri, mimi na Tuan na Ami mwenyewe, baada ya kazi. Tulimkuta Bibi amekwisha fika, kaletwa na dereva, maana kila alasiri alikuwa akienda kukaa kwenye baraza yake. Hiyo baraza ndiyo kitu pekee alichokitaka kwa mdomo wake katika nyumba ile nzima. Vijana wa hapa hawajui baraza: ni kiti kirefu cha mawe, nje, kimeegemea ukuta wa mbele, apitaye akae. Mtaani Bausher hakuna apitaye, wote wamo kwenye magari na vioo vimefungwa. Bibi hakujali. Alikaa pale na bakora yake na kanga ya kufunikia miguu, akiwaamkia madereva wa magari ya maji. Walimpigia honi.

Tuan akavua kofia, akainama. "Mambo vipi, Bibi?"

"Mambo ni yenu," akasema Bibi. "Mie yangu rangi haikauki."

Ami akamtazama Tuan kwa jicho la mtu anayetafuta pembe, akamtaka aieleze ile hadithi mbele yake, neno kwa neno. Tuan akaieleza kwa Kiingereza na Kiarabu chake, nami namfasiria Bibi kwa Kiswahili. Safari hii nilichunga kila kitenzi kama anayevuka kijito kwa mawe. Wafalme wali-kuwa. Mashamba yali-tolewa. Zamani, Ami, za-ma-ni. Kule, si hapa. Ami akavuta pumzi ya kwanza kwa wiki nzima.

Bibi hakupumua. Alimkazia macho Tuan.

"Muulize," aliniambia. "Hilo shamba la huyo bwana, wao walikuwa upande upi? Waliopewa, au waliokuwa wakilima?"

Tuan akacheka kidogo, akaonesha kwa mikono, kama anayeshika jembe. Bibi akaitikia kwa kichwa, polepole. Kwao kule Unguja nao walikuwako waliolima. Sijapata kumsikia akiwataja kabla ya siku ile, na siku ile hakuwataja kwa jina. Akasogea upande mmoja wa baraza, akapiga jiwe kwa kiganja.

"Basi mwambie akae. Kasimama sana."

Tuan akakaa. Mimi nikaanza kazi. Pembe tatu za nyuma na ubavuni zilikuwa sawasawa, chuma kimesimama kama nilivyokiacha. Pembe ya nne, ya mbele, chuma kilikuwapo lakini hakikunipendeza. Kilikuwa kimesimama wima mno, kisafi mno. Fundi wa ukuta, tulikuja kujua, tingatinga lake lilikuwa limeking'oa, naye kwa kuona haya akakirudisha kwa kukisia, karibu zaidi na barabara. Ami alikuwa amemwambia ukuta urudi ndani ili baraza ikae ndani ya mpaka wa kiwanja, si barabarani. Fundi akafanya hivyo hasa, kwa kufuata chuma cha kukisia.

Tuan akatazama kwenye darubini, akanielekeza. Tulikuwa tumekwisha elewana zamani kushoto ni wapi. Kushoto. Nyuma. Nyuma tena. Simama. Fimbo ikaja ikasimama ukutani, kwenye ncha ya baraza, ubavuni mwa Bibi.

"Mnatafuta nini ubavuni kwangu?"

"Kikombe, Bibi."

"Kikombe kiko ndani ya kapu, na kahawa imo."

Nikapiga magoti nikachimba pembeni ya baraza, chini ya jiwe lake la mwisho. Mkono ukaingia hadi kiwiko. Nikatoa vumbi, nikatoa kokoto, nikatoa kipande cha kikombe. Nikakipangusa kwa fulana. Mstari wa buluu. Mhandisi Fathi, popote alipo, alikuwa ameketi pale nasi na chupa yake ya chai.

Pembe ilikuwa hapo kwenye kile kipande, sawasawa na uso wa ukuta. Maana yake ukuta ulikuwa umesimama juu ya mpaka wenyewe, na baraza nzima, shubiri tatu za upana wake, ilikuwa nje. Ilikuwa juu ya ardhi ya Serikali.

Nikamwonesha Ami. Hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa, na uso wake sijapata kuuona uso kama ule: mtu wa taa nyekundu, aliyekaa siku zote zile na kiti cha watu akihofia Serikali itamchukulia ardhi, ameambiwa ni yeye aliyeichukulia Serikali ardhi yake. Akaketi chini, pale pale kwenye vumbi, na dishdasha yake, ile kanzu nyeupe. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka kofia ikamwanguka, Tuan naye akashikwa na kicheko, mimi nikashikwa, na dereva aliyekuwa garini akashuka kuja kuuliza nani kafa.

Alipoweza kusema, Ami alijifuta macho akasema kesho ataleta mafundi waivunje, aijenge upya ndani ya ukuta.

Bibi akagonga bakora juu ya jiwe.

"Waivunje nini? Baraza ndani ya ukuta ni baraza? Nimkaribishe nani, kuku?"

"Mama, si yetu hiyo. Ardhi mtu hupewa, haichukui tu."

"Kule walichukua shamba zima, na kisima chake, na minazi ya babu yangu, na sikumvunjia mtu kitu," akasema Bibi. Akaikunja kanga yake magotini, akaipiga piga ikalala. "Mie nimechukua shubiri tatu. Afisa hupewa. Bikizee hujichukulia."

Ami alimwachia msaidizi wake kiti siku iliyofuata. Bibi akahamia Bausher wiki hiyohiyo, akashuka kwenye lile kasha mara ya mwisho akiwa amesimama kwa miguu yake, akalitemea neno ambalo sitolisema hapa. Wale wa viti vya plastiki wakarudi majumbani mmoja mmoja. Shangazi Zayana anadai mpaka leo kwamba Serikali ilibadilisha nia kwa sababu ya ujumbe wake.

Nyinyi vijana ndio mtakaopima mtaa ule tena siku moja. Mnajua sasa kikombe kiko wapi, na mimi siwezi kuwafundisha nusu ya kazi. Ami alikusudia kuandika kuomba kibali cha ile baraza. Hajaandika. Anasema ukiuliza, unawakumbusha.

Mkifika, lakini, kwanza zimeni gari mkasalimie. Bibi yupo, anasikia vizuri, na kahawa imo kapuni. Tuan huenda kila Alhamisi, na sasa Bibi amemfundisha kusema masalkheri, ila Bibi mwenyewe humjibu poa. Mimi Gari la Maji nami hupita, na Bibi husogea akanipigia jiwe kwa kiganja. Kaeni. Mtakuwa mmeegemeza mgongo kwenye kiwanja cha Ami Saidi, na makalio yenu yako kwa Serikali, na hakuna kiti kitamu kama hicho Maskati nzima.